Forester la 2009 lenye kilomita 187,000: niweke akiba kiasi gani kabla ya kulinunua?

Mwalimu wa Magarini:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili upande wa Magarini, ila nyumbani ni Malindi mjini, kwa hivyo kila siku ya masomo huvuka daraja la Sabaki asubuhi na kurudi jioni. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipanda matatu hadi lami inapokomea, kisha bodaboda. Masika yaliyopita yalinionyesha kwamba bodaboda, matope na mafurushi ya karatasi za mitihani havipatani. Nimeweka akiba, nikaongeza mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, na jumla niliyo nayo ni shilingi 1,000,000.

Nimeonyeshwa Subaru Forester la mwaka 2009, injini ya lita mbili isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), gia za otomatiki, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Dashibodi inasoma kilomita 187,000. Mwenye gari anataka 880,000, na dalali aliyenipeleka ananiapia kwamba halihitaji chochote ila mafuta na bima. Kwa macho yangu ni gari safi: rangi inang'aa, viti havijachanika, na injini imeoshwa ikatakata, jambo ambalo shemeji yangu anasema ndilo hasa linalomtia shaka.

Naomba wenye uzoefu mnijibu mambo mawili. Kilomita hizo ni nyingi kiasi cha kuniogofya? Na zile 120,000 zitakazobaki, nikishatoa bima na ada ya kuhamisha umiliki, zitatosha kulitunza kwa mwaka wa kwanza? Nimeshaona magari mengi mitaani kwetu yaliyopandishwa juu ya mawe uani, kuku wakitagia ndani, na mengi kati ya hayo yalinunuliwa kwa furaha.

Fundi wa Maweni:

Mwalimu, salamu tumezipokea, na shemeji yako msikilize.

Tuanze na kilomita. Nimewahi kufungua injini za Forester zilizopita 280,000 zikiwa safi ndani, na nimefungua nyingine ya 110,000 iliyojaa tope jeusi kwa sababu mwenyewe alikuwa akiongeza oili juu ya oili bila kuimwaga ya zamani. Namba ya dashibodi inakusaidia kwa jambo moja tu, nalo ni kujua vitu gani vilipaswa kuwa vimeshabadilishwa, ili umdai muuzaji ushahidi wa kila kimoja. Tena namba yenyewe hurudishwa nyuma. Kwa kuwa sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, gari la 2009 liliingia nchini kabla 2016 haijaisha, na liliingia na makaratasi: cheti cha Japani cha kuuzwa nje, na cheti cha ukaguzi ambacho KEBS, shirika letu la viwango, hukidai kabla gari halijapakiwa melini. Kilomita za wakati ule huandikwa humo. Kikisema, mathalani, 95,000, basi hesabu inaingia akilini, maana ni kama kilomita elfu kumi kwa mwaka tangu hapo. Kikisema 160,000, mtu ameichezea dashibodi, na aliyecheza na hiyo usimwamini hata akikwambia leo ni Jumatatu.

Sasa injini. Ya lita mbili ya mwaka huo ni ya familia ya EJ, inayotumia mshipi wa taimingi wa mpira, ule unaolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni. Subaru walipoligeuza gari hili mwishoni mwa 2010 ndipo injini ya lita mbili isiyo na tabo ilipopewa cheni, ikawa ya familia ya FB, na watu wengi huchanganya hizi mbili wakadhani kila Forester la umbo lile lina cheni. Lako lina mshipi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika ukiwa mwendoni pistoni hugonga valvu, hapo injini imekufa au inahitaji kufunguliwa yote. Maana yake lilipaswa kubadilishiwa mshipi mara moja, na mara ya pili imebakisha kilomita 13,000 tu. Muuzaji asipokuwa na risiti, hesabu kwamba haujawahi kuguswa, na uubadilishe kabla hata hujaenda Mombasa kuwasalimu jamaa. Badilisha pamoja na tenshona inayoukaza, roli zake na pampu ya maji, kwa kuwa pampu hiyo huzungushwa na mshipi huohuo, na ikija kuvuja baadaye utalipa kazi ileile mara mbili.

Kuhusu kuoshwa kwa injini: mwombe muuzaji gari uliendeshe kwa saa nzima, ulipaki, kisha rudi kesho yake asubuhi lingali baridi. Injini ya Subaru imelala ubavu, silinda mbili kulia na mbili kushoto, kwa hivyo oili inayovuja kwenye mifuniko ya valvu hudondokea eksozi moja kwa moja na kutoa harufu ya kuungua. Hilo si kosa la kuvunja biashara, ni gasketi tu. Linalovunja biashara ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi yake. Injini kubwa ya lita mbili na nusu ya familia hiyohiyo, yenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu) moja kila upande, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa ugonjwa huo, ila yoyote iliyowahi kuchemka haina dhamana. Fungua tangi la akiba la kulanti, yaani maji ya kupozea injini, likiwa baridi: ukiona utando wa mafuta, au injini ikiwaka mapovu yakipanda mfululizo, mshukuru mwenye gari na uende zako.

Na hapa Malindi kuna jambo ambalo vitabu vya Japani havikuliwaza, nalo ni maji ya visima. Wengi wetu tunachota maji yenye chumvi, na dereva akiona radieta imepungua anajaza hayohayo. Baada ya miaka miwili mirija ya radieta inaziba, pampu inaliwa, kisha gari linaanza kuchemka kwenye foleni za Mtwapa na mwenyewe analaumu Subaru. Tazama rangi iliyomo ndani. Ikiwa kijani au buluu iliyo angavu, kuna matumaini. Ikiwa hudhurungi kama chai ya mkandaa, ongeza bei ya radieta kwenye bajeti yako.

Gia nimeziacha hadi sasa kwa makusudi, kwa maana hapo ndipo fedha zinapopotelea. Gari linalovuta kwa magurudumu manne lina vitu ambavyo jirani yako mwenye Probox inayovuta kwa magurudumu mawili havimhusu: propela ya kwenda nyuma, difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto), ekseli nne badala ya mbili, na ndani ya giaboksi kuna klachi ya sahani nyingi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Klachi hiyo inategemea tairi zote nne ziwe na mzingo mmoja. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma, tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na klachi inalazimika kuteleza muda wote kufidia tofauti, hata kwenye lami iliyonyooka. Inaungua polepole bila wewe kusikia kitu. Kwa hivyo kwenye gari hili hakuna kununua tairi moja. Unanunua nne, za kampuni moja na saizi moja, unazibadilishana nafasi kila kilomita 10,000 ziishe pamoja, na unakagua upepo kila wiki. Weka fedha ya tairi nne kando kana kwamba ni kodi ya nyumba.

Kipimo chake ni rahisi. Lipashe moto gari kwa kuliendesha dakika 20, nenda uwanja mgumu ulio sawa, kata usukani hadi mwisho, achia breki na uliache litambae lenyewe. Gari zima linazunguka laini. Bovu linajikokota, linarukaruka au kusimama, kama mtu amelishika nyuma. Fanya kulia, kisha kushoto.

Jambo jingine la giaboksi: hapo chini kuna matundu matatu ya kumwagia, la oili ya injini, la oili ya gia, na la difu ya mbele, ambayo ina oili yake na kijiti chake cha kupimia. Nimeletewa zaidi ya gari moja ambalo fundi wa njiani alimwaga oili ya gia akidhani ni ya injini, kisha akajaza lita nyingine nne kwenye injini iliyokuwa tayari imejaa. Kila anayekuhudumia mwulize kwanza yako wapi matundu hayo. Akisita, ondoka.

Fedha: 120,000 hazitoshi. Gari la umri huo lisilo na risiti usiliingie ukiwa na chini ya 200,000 pembeni, na hizo si za dharura, ni za kazi ninazozijua tangu leo. Dharura ni fungu jingine.

Dada wa Shela:

Fundi ameeleza upande wa chuma, nami niseme upande wa daftari, kwa sababu mimi ni mhasibu na nimeandika kila shilingi tangu niliponunua langu. Lilikuwa Forester la umbo hilohilo, kilomita 203,000, na nililipata bila historia yoyote, ila moyo ulikuwa umeshapenda.

Mwaka wa kwanza nilitumia 204,000, bila kuhesabu mafuta na bima, nikaenda kilomita 13,600. Gawanya: ni shilingi 15 kwa kila kilomita. Tairi nne zilikula 56,000, kazi ya mshipi pamoja na pampu na ufundi ikala 34,000, huduma tatu za oili ya injini 24,000, beringi mbili za nyuma 19,000, radieta 16,000 (ndiyo, maji ya kisima), oili ya gia na za difu zote mbili 15,500, na yaliyobaki yakaenda kwenye bushi za mbele, betri, plagi na gasketi za mifuniko ya valvu. Mwaka wa pili nilitumia 79,000 kwa kilomita 14,200, yaani kama shilingi tano na nusu kwa kilomita. Gari lilikuwa lilelile. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalipa madeni ya wenye gari walionitangulia, na mwaka wa pili nikaanza kulipa ya kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo, Mwalimu, usipange kwa mwezi. Panga kwa kilomita. Mimi kila Ijumaa husoma dashibodi, nikazidisha kilomita za wiki kwa shilingi nane, nikazituma kwenye akaunti ambayo kadi yake haikai mkobani. Mwanzoni mume wangu alinicheka. Siku beringi ilipoanza kuunguruma tukiwa tunarudi kutoka Garsen, fedha zilikuwepo, na hakucheka tena. Nane ni zaidi ya ile tano na nusu kwa sababu tairi hazinunuliwi kila mwaka, ila huchakaa kila mwaka.

Jambo ambalo Fundi hakuligusa ni kutu. Langu lilikuwa likilala karibu na ufuo kabla sijalinunua, na upepo wa chumvi hauonekani kwenye rangi iliyopigwa polishi. Lala chini kabisa uliangalie tumbo: mirija ya breki, nguzo inayobeba difu ya nyuma, kingo za milango kwa ndani, na pale juu ya shokabsoba za nyuma. Nenda na bisibisi na ugonge taratibu. Ukisikia mlio wa bati ni sawa, ukisikia mlio wa biskuti achana nalo. Na ukishalinunua, kila ukitoka kupita mchanga wa pwani au barabara za upande wa viwanja vya chumvi vya Gongoni, lioshe chini kwa maji matamu, hata kama juu hujaliosha.

Mzee wa Kakuyuni:

Mwanangu Mwalimu, mimi sina ugomvi na Subaru, lakini naona wenzangu wamekujibu jinsi ya kulilea gari hili bila kukuuliza kama unalihitaji. Nimeendesha magari ya kuvuta magurudumu mawili huku bara ya Malindi tangu daraja la Sabaki la zamani, na mara nyingi nililokwama nalo halikukosa kuvuta, lilikosa kimo na tairi zenye meno. Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka kwenye matope na kupanda mlima uliolowa. Hayakusaidii kusimama, wala hayakusaidii kukata kona, maana breki ni zilezile. Je, kwa mwaka mzima ni siku ngapi barabara yako haipitiki kwa gari la kawaida? Zikiwa 15, wakati wa masika, labda ni nafuu kulipa bodaboda siku hizo na kununua gari dogo ambalo kila kijana wa gereji analifahamu.

Mwalimu wa Magarini:

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Swali lako limenilaza macho. Nimekaa na kalenda ya mwaka jana: siku nilizofika shuleni nikiwa nimechelewa au sikufika kabisa kwa sababu ya matope ni kama 30, Aprili na Mei kwa wingi, na nyingine kidogo za vuli. Mara mbili kati ya hizo ilikuwa nimpeleke mwanafunzi mgonjwa hospitalini Malindi, na bodaboda haikuweza. Kimo ndicho ninachokihitaji zaidi, nakubali, na Forester lina zaidi ya sentimita 20 kutoka ardhini, ilhali magari madogo ninayoyamudu yanakwaruza hata matuta ya barabarani. Kwa hivyo bado nalitaka, ila si kwa upofu ule wa wiki iliyopita.

Jana jioni nilikwenda tena bila dalali. Haya ndiyo niliyoyaona. Risiti za mshipi hakuna. Cheti cha Japani "kimepotea". Kulanti ni rangi ya chai, tena chai ya rangi iliyokolea. Tairi za mbele ni mpya za kampuni moja, na za nyuma ni za kampuni nyingine na zimeisha upande wa ndani. Nikalizungusha kwenye uwanja mgumu kama Fundi alivyoagiza, na likikata kulia halina neno kubwa, likikata kushoto linajikokota na kutikisika. Muuzaji anasema ni kawaida ya Subaru zote. Halafu nikatafuta gari hilo kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, na jina la mwenye gari silo la huyu ninayezungumza naye. Anasema ni la binamu yake aliye ng'ambo. Ameshuka hadi 820,000.

Fundi wa Maweni:

Si kawaida ya Subaru yoyote.

Huenda ni tairi tu, na huenda ni klachi yenyewe, na tofauti ya gharama kati ya hayo mawili ni kubwa mno kuibahatisha. Kuna njia ya kutenganisha. Kwenye magari mengi ya Subaru yenye gia hizi za otomatiki za hatua nne, chini ya boneti kuna nafasi tupu ya fyuzi iliyoandikwa FWD, yaani kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Zima injini, chomeka fyuzi ya akiba hapo, washa tena, na taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, ishara kwamba giaboksi imeamriwa kuyaachia magurudumu ya nyuma. Rudia kuzungusha. Kujikokota kukiisha, klachi bado inaweza kuachia, na lawama inaelekea kwenye tairi au oili ya gia iliyochoka: tairi nne, oili mpya, kisha upime tena. Kusipoisha, ama valvu ya umeme inayoiamuru klachi imekufa ama sahani zenyewe zimeshikana, na hapo sehemu ya nyuma ya giaboksi lazima ifunguliwe. Ukimaliza, itoe fyuzi, usije ukanunua gari la magurudumu manne linalovuta kwa mawili.

Na siku likiharibika njiani, lako hili au jingine lolote la aina hii, usikubali livutwe huku magurudumu mawili yakiburuzika barabarani. Lipandishwe lote juu ya lori. Nimeona klachi nzima ikiteketea kati ya Kilifi na hapa kwa kuvutwa vibaya.

Dada wa Shela:

Kuhusu binamu wa ng'ambo: umiliki huhamishwa na yule ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu, kupitia akaunti yake mwenyewe. Yeye asipoingia kwenye mtandao akaidhinisha, umenunua viti na usukani. Usitoe hata shilingi ya kushikia mpaka hilo litimie. Na ulizia bima mapema pia, maana makampuni mengi husita kutoa bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kwa gari la umri huu, na ukiwa na mkopo chama chako kinaweza kuidai.

Mwalimu wa Magarini:

Nimechomeka fyuzi leo alasiri, muuzaji akinitazama kama mtu anayefanyiwa uchawi. Taa ikawaka. Gari likaendelea kujikokota vilevile. Nikamrudishia funguo kwa adabu, naye akashuka hadi 750,000 kabla sijafika langoni, jambo lililonithibitishia kwamba hata yeye anajua.

Kuna jingine Kilifi, la mwaka 2011, lile lenye cheni. Limekwenda kilomita 231,000, na wiki iliyopita nisingelitazama mara mbili kwa sababu ya namba hiyo. Mwenyewe ni daktari mstaafu, jina lake ndilo lililo kwenye kumbukumbu, na ana faili nene la risiti tangu lilipoingia nchini, hata za kubadilishana nafasi za tairi. Anataka 870,000. Nimemwambia wazi kwamba siwezi kuvuka 790,000, ili 210,000 zibaki, na amesema njoo na fundi wako tuzungumze. Fundi, Jumamosi asubuhi una nafasi? Nauli na siku yako ni juu yangu.

Fundi wa Maweni:

Nipo. Tutoke saa kumi na mbili, na umpigie daktari umwambie asiliwashe mpaka tufike, nataka kulisikia likiamka baridi. Injini hizo za kwanza za cheni zipo zilizojulikana kwa kula oili, hasa za lita mbili na nusu, kwa hivyo nitakachokitazama kwanza ni kijiti cha kupimia, kisha risiti zake zinaonyesha alikuwa akinunua lita ngapi kati ya huduma moja na nyingine.